Mhariri, tupeni ukurasa wa majibizano

Bwana Mhariri, assalam alaikum.

Naomba nafasi kidogo mana hii habari ya Shakespeare, yule mwandishi wa michezo wa Kiingereza, na wenzake kukutana kwenye kilabu cha pombe cha Mermaid kule London watu wanaisimulia kama vile walikuwepo wakarikodi na simu. Ati Walter Raleigh, yule baharia, ndo mwenye kikao, Shakespeare huku, mwandishi mwenzake Ben Jonson kule, wanatupiana maneno mpaka usiku wa manane. Tamu, lakini imetiwa chumvi. Aliesimulia hayo mashindano ya Shakespeare na Jonson ni Thomas Fuller, na Fuller kazaliwa 1608, Shakespeare kafa 1616, sasa kayaona wapi? La Raleigh ndo kabisa, limezuka karne ya 19 huko. Kweli Shakespeare aliponunua nyumba Blackfriars mwaka 1613, mmoja wa waliosimama nae kwenye hati ni William Johnson mwenye hicho kilabu, basi kujuana walijuana, lakini karatasi ya wakati ule inayosema Shakespeare alikaa pale akanywa na wenzake hakuna.

Mie lililonishika ni jengine. Wapo mashahidi wawili wa kutegemewa wa hayo makutano ya Mermaid, na wote waliandika wakiwa mbali. Francis Beaumont, nae mwandishi wa michezo, yuko shamba kachoka, anamwandikia Jonson kwa mashairi kuwa analala anaota mvinyo wa Mermaid, na kuwa maneno ya pale yalikuwa makali hata ungedhani kila mmoja kaamua kuimaliza akili yake yote kwenye mzaha mmoja, umri uliobaki aishi mjinga tu. Na Thomas Coryat, mtu aliekwenda Bara Hindi kwa miguu, mwaka 1615 yuko Ajmer anawapelekea salamu mabwana wanaokutana Mermaid kila Ijumaa ya mwanzo ya mwezi. Kilabu chenyewe kiliungua na moto wa 1666. Barua zipo.

Sasa sie. Barazani kwetu Mji Mkongwe mvinyo hakuna, kuna kahawa chungu na kashata, lakini njoo baada ya Magharibi usikie. Juzi kapita mvuvi na pakacha lake, mzee mmoja hata hakunyanyua macho kwenye bao, akamtupia:

Jana ulisema nguru, leo waleta dagaa

Mvuvi nae wala hakusimama:

Nguru kenda na ushuru, watoto walala njaa

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akammwagia mtu kanzu. Kaandika nani? Hakuna. Na Pemba malenga wa zamani, Kamange na Sarahani, walijibizana kwa mashairi, leo tunayasoma kwa kuwa wapo waliojali kuyahifadhi, si kwa bahati.

Ukurasa wa mashairi mnao, ila mnatoa moja moja, jibu likija kutoka mtu keshasahau aliulizwa nini. Yawekeni pamoja, shairi na jibu lake. Na hawa ndugu zetu walioko Maskati na Dubai na huko huko London, kila usiku wanatuma voisi kwenye WhatsApp wakikumbuka baraza, mengine ukiyasikia unataka kulia, tunasikiliza mara moja halafu simu ikijaa tunafuta. Waambieni waandike wawaleteeni nyie.

Kwa kuanzia chukueni hiyo ya nguru, mwenye jibu la tatu alete.

Msomaji wenu, Unguja