Barua ya wazi kwa vijana wa jukwaa Bagamoyo

Wanangu,

Nawasalimu nyote, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Juzi tumemzika dada yetu, meneja wa jukwaa ambaye wengi wenu mlimkuta keshakuwa mkongwe. Pale makaburini niliwasikia vijana wawili wakiulizana, "Huyu bibi alikuwa anacheza nini?" Sikuwakemea, ila swali lile limeninyima usingizi.

Hakucheza chochote. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, wengi tulikuja na hamu ya kuonekana, huyu kwa ngoma, yule kwa maigizo. Yeye alitaka kujua mkuki umewekwa wapi. Kwenye meza yake, gizani pembeni ya jukwaa, kila kifaa alikichorea chaki kuzunguka umbo lake: kibuyu hapa, kikombe hapa, kirungu pale. Mwigizaji akitoka na kikombe, duara la chaki linabaki tupu. Akitupa jicho mara moja anajua nini hakijarudi, na nani hajakirudisha.

Halafu daftari lake. Ukurasa wa kushoto maneno ya mchezo. Wa kulia maandishi ya penseli: nani aingie kutokea wapi, taa zififie kwenye neno gani, ngoma ilie baada ya nani kukaa chini. Penseli, si wino, maana sisi waongozaji hubadili mawazo mpaka siku ya mwisho. Onyesho la kwanza likipita, mwongozaji anakwenda zake na mchezo unabaki mikononi mwa meneja wa jukwaa. Ni yeye anayehakikisha anayekuja usiku wa sita haibiwi kile alichokiona wa usiku wa kwanza. Ukumbi wa chuo ulipoungua mwaka 2002, daftari lile lilisalimika kwa kuwa halikuwahi kulala kazini. Lililala juu ya kabati nyumbani kwake, pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Siku moja nilikuwa naongoza, tuna siku nne tu, na saa kumi na mbili na nusu jioni akapiga makofi mawili: mazoezi yamekwisha. Nikamfokea mbele ya watu wote. Akafunga daftari, akasema kwa upole, "Samahani kaka, hawa wote wana kwao." Kitinda mimba wake alikuwa amelala kwenye kanga chini ya ile meza ya chaki. Akamtwaa mgongoni, akaondoka. Kesho yake hakuchelewa mtu hata mmoja, na tulifanya mengi kuliko wiki nzima iliyotangulia. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba baada ya miaka, akacheka, akaniambia hata haikumbuki. Najua aliikumbuka.

Ninyi mnakesha kwenye mazoezi na mnaona ndiyo mapenzi ya sanaa. Mama mwenye mtoto mchanga anaacha kundi kimyakimya, mnasema hana moyo. Mnamtafuta mtu wa kusimamia jukwaa tamasha likibaki siku mbili, kama mtu wa kubeba viti. Mpateni siku ya kwanza ya mazoezi, mpeni daftari, na akisema muda umekwisha, umekwisha hata kwa mwongozaji. Jina lake liandikwe kwenye programu pamoja na ya waigizaji. Na mlipeni siku ileile mnayolipana ninyi. Kundi moja, silitaji, lilimzungusha miezi mitatu mwanawe akiwa amerudishwa nyumbani kwa ada, na huku picha za onyesho zimebandikwa kila ukuta. Aliendelea kuwafanyia kazi. Msiuone wema wake kuwa ruhusa.

Wanawe wote wamesoma. Walisimama kaburini kwa mpangilio, mkubwa mpaka mdogo, na yule wa kwenye kanga, sasa baba wa watoto wawili, ndiye aliyekuwa akitazama saa ili maziko yasipitilize.

Binti yake amenikabidhi lile daftari. Liko kwangu mezani, kurasa zimelainika kama kitambaa, na rula yake bado imo ndani. Anayetaka kujifunza kazi hii aje Jumamosi saa tatu asubuhi, na penseli yake. Saa sita mchana nitawaruhusu mwende kwenu.

Mzee wenu