Lisbon ni ya kutembea kwa miguu

Mhariri,

Msomaji wako mmoja alilalamika kwamba Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni ghali kwa sababu waongoza watalii wanatoza pesa nyingi. Mimi nilifundisha historia hadi nikastaafu, na nilipomtembelea binti yangu huko sikumlipa mwongozaji hata senti.

Panda basi asubuhi hadi ngome ya São Jorge, kisha uteremke kwa miguu. Kuteremka, si kupanda. Magoti yangu ni shahidi. Ndani ya ngome kuna tiketi, lakini nje hakuna anayekudai. Chini kidogo utakuta baraza ya Santa Luzia yenye vigae vya buluu, na mto Tejo umetanda mbele yako. Hapo ingia Alfama upotee: vichochoro, ngazi, nguo zilizoanikwa madirishani. Sisi wa Mji wa Kale Mombasa hatushangai sana.

Ukishapita kanisa kuu, lililoanza kujengwa karne ya 12, mitaa inanyooka ghafla kama mistari ya daftari. Hiyo ni Baixa, iliyojengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Kishindo chake utakiona Carmo, mlimani upande wa pili: kanisa la watawa halina paa hadi leo.

Viatu viwe visivyoteleza, maana yale mawe meupe ya njiani yakilowa hayana huruma. Na anayetaka kaburi la Vasco da Gama, yule aliyefika Malindi mwaka 1498, apande tramu namba 15 hadi Belém. Huko ni mbali kwa miguu.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa