Poka Ijumaa hii, Milimani

Hamjambo wote. Ijumaa tunacheza poka pale baa yetu ya Milimani, meza za nyuma, saa moja jioni. Ni Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tano mezani. Kiingilio ni shilingi 300, na pesa yote inarudi kwa washindi. Tokeni (vile vidude vya kuwekea dau) zikikuishia, umetoka. Blaindi, yaani dau za lazima zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa, zitapanda kila dakika 20, kwa hivyo anayengojea A mbili tu, karata bora za kuanzia, ataliwa polepole. Wageni, njooni mapema niwaelekeze, msione haya.

Naomba sana: usimwonyeshe jirani karata zako kabla raundi haijaisha, hata kama umeshazitupa. Mara iliyopita ilileta maneno. Samaki tule kabla, tunawe mikono, maana mafuta huacha alama kwenye karata. Nani anakuja? Thibitisheni kufikia Alhamisi.