Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama, sisi tunaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau (dementia), poleni na majukumu.

Mwaka huu swali lililoniandama kuliko yote ni moja: "Mwenyekiti, ile dawa imefika?" Nimeulizwa kwenye vikao, nimeulizwa sokoni, nimeulizwa hata msibani. Basi naanza nalo.

Dawa zipo. Lecanemab ilipata kibali kamili Marekani Julai 2023, na donanemab ikafuata mwaka 2024. Zote mbili huondoa amiloidi, protini inayojirundika kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya ugonjwa huu wa kusahau. Lecanemab ilijaribiwa kwa watu 1,795 waliokuwa mwanzoni kabisa mwa ugonjwa. Baada ya miezi 18, kasi ya kuzorota kwa waliopewa dawa ilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko ya wale waliowekewa dripu isiyo na dawa. Narudia: walizorota, ila polepole zaidi. Hakuna aliyerudishiwa kumbukumbu zake. Tena dripu hiyo ilikuwa ya kila wiki mbili, na lazima mgonjwa apigwe picha za MRI, maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 60. Na wengi wa wazee wetu wameshaipita hatua ambayo dawa hizi zinafaa.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu mwezi wa sita alipita mtu hapa Bomang'ombe na chupa za "dawa mpya ya kusahau kutoka Marekani", na wapo wenzetu walionunua. Siwalaumu. Aliyekesha wiki nzima akimrudisha baba yake kitandani atanunua chochote. Ila safari nyingine, kabla ya kutoa hela, nipigieni simu.

Kilichonipa moyo zaidi ni upande wa vipimo. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer kwa watu wazima ambao tayari wana dalili. Kabla ya hapo ilikuwa kuchomwa sindano mgongoni kutoa maji ya uti, au picha za gharama kubwa. Damu hata zahanati yetu inajua kuichukua. Kuipima ndiyo bado.

Lakini tusijione watu wa kungojea tu vya wenzetu. Mwaka 2010 watafiti waliingia vijiji sita vya wilaya yetu hii ya Hai, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakakadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo wana ugonjwa wa kusahau. Kazi hiyo ya Hai ndiyo iliyozaa kipimo kinachoitwa IDEA, kisichomtaka mzee awe amekanyaga darasa. Anaulizwa daraja ni nini. Anataja wanyama kwa dakika moja. Anaonyeshwa njiti za kiberiti zilivyopangwa, kisha naye azipange vilevile.

Mama yangu alipimwa hivyo. Kwenye daraja alimshangaa muuguzi: "Mwanangu, hujawahi kuvuka Kikafu?" Tukacheka. Alipoulizwa kiongozi wa kijiji akamtaja Mangi, yaani chifu, wa utotoni mwake. Zilipofika njiti, akazikusanya moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema ni za kuwashia moto jioni. Hapo sikucheka. Miaka mitatu nilikuwa nikimgombeza kwa kutia chumvi mara mbili, nikidhani ni ukaidi wa uzee.

Vikao vyetu vya Jumamosi vimetokana na utafiti uliofanyika hukuhuku: vikao 14, mara mbili kwa wiki, wazee wakizungumza, wakiimba, wakishika vitu vya zamani na kuvisimulia. Wale waliopitia walionekana kuimarika akili na kupungukiwa na wasiwasi. Sisi tumemudu mara moja kwa wiki, na wakati wa masika hatukumudu hata hiyo. Usafiri ndio uliotuangusha.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda wamefanya kazi kubwa kuliko kamati yangu. Wana majina na sura za wazee wetu wanaopotea; wakimkuta mmoja barabarani hawamhoji, wanamwambia "bibi, panda nikusogeze," wanamleta nyumbani. Zamu za kukaa na mgonjwa ili anayemuuguza apumzike zimekwenda vizuri pia, isipokuwa zinabebwa na akina mama peke yao. Akina baba, majina yenu yapo kwenye karatasi. Nyinyi hampo.

Lipo jambo la aibu nalo lazima niliseme. Mama mmoja mwenye macho mekundu, aliyekutwa usiku kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani, aliitwa mchawi. Alikuwa akitafuta nyumba aliyozaliwa. Tulikwenda na mwenyekiti wa kitongoji na mchungaji, tukakaa na jirani hadi saa nne usiku, yakaisha. Tutakwenda tena pakihitajika.

Mwaka ujao napendekeza nguvu ziende kwenye presha, kisukari, macho na masikio. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja visababishi 14 ambavyo vikidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa kusahau wasingeugua au wangechelewa kuugua. Hivyo vinne vimo, na sisi wenye miaka hamsini tunaouguza ndio tunaopaswa kupimwa kwanza.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Katibu ameomba niwakumbushe kuwa viberiti vimekwisha: kila atakayemleta mzee Jumamosi ya kwanza ya Januari aje na kimoja. Vya chama mama yangu anaondoka navyo.