Ankara ghushi zatunyemelea wafanyabiashara wadogo

Mhariri,

Mimi huuza vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga. Mwezi jana karani wangu alipokea barua pepe iliyoonekana kutoka kwa msambazaji wetu wa miaka mingi, ikieleza kwamba akaunti yake ya benki imebadilika na kwamba malipo yafanywe kabla ya saa kumi. Anwani ilifanana na ile tuliyoizoea, isipokuwa herufi “m” ilikuwa “r” na “n” zilizobanana, jambo ambalo mtu mwenye haraka halitambui. Tuliponea chupuchupu kwa kuwa nilimpigia msambazaji kwa nambari iliyokuwa daftarini mwangu, wala si ile ya kwenye ujumbe.

Ulaghai huu umeharamishwa na sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta, na kituo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hupokea malalamiko. Hata hivyo, wengi wetu (nami nilikuwa mmoja wao) hutumia nywila moja kwa kila kitu, nayo hubaki ileile hata karani anapoacha kazi. Naiomba serikali ya kaunti itupe mafunzo mafupi tunapokwenda kulipia leseni za biashara.

Mwuza vipuri,
Nairobi