Vipuri vya Jumamosi

Wakuu, habari za jioni. Kabla hatujakutana Kirigiti Jumamosi kwa mechi ya kulenga shabaha kwa bastola, neno moja kuhusu vipuri vya bastola. Mechi iliyopita nusu ya kikosi chetu tuliazimana alenki moja (kifunguo cha skrubu chenye pembe sita), na mwenyewe yuko kwenye steji, yaani zamu yake ya kupiga shabaha! Safari hii kila mtu aje na yake, pamoja na betri ya doti, kile kilengeo cha nukta juu ya bastola (nyingi ni CR2032, lakini hakikisha yako), springi ya slaidi na ya magazini. Pini za kufyatulia na ndoano za kutolea maganda nitabeba mimi, za bastola za Glock na CZ tu. Wenye bastola aina ya 2011 jitegemeeni, bei zake mnazijua wenyewe.

Skrubu za doti zipakeni gundi ya kuzuia zisilegee leo, msingoje asubuhi ya mechi. Yataka kama saa 24 kushika sawasawa. Doti yangu iliwahi kulegea katikati ya steji, risasi zote zikaenda kushoto, nikalaumu macho.

Bastola ifunguliwe kwenye eneo la usalama pekee, na risasi zisifike hapo, hata za bandia. Ukikutwa nazo umetolewa mechini. Ikikwama ukiwa unapiga, una dakika 2 za kuirekebisha, mdomo ukielekea kwenye tuta. Ikishindikana, mwambie refa. Bastola ya kuazima ni mpaka msimamizi mkuu wa uwanja (Range Master) akubali.

Nani ana springi ya akiba ya CZ Shadow 2? Anijibu inbox.