Kwaya ya wageni ina koo, lakini ina tumbo pia

Mhariri,

Msimu wa kwaya kutembeleana umewadia, na tangazo linalobandikwa mlangoni mwa kanisa linaonyesha saa ya ibada, jina la kwaya ngeni na idadi ya nyimbo. Halionyeshi nani anapika. Halihitaji, kila mtu anajua: nyumba ya mchungaji. Watu 40 wanashuka kwenye basi alfajiri, mama mchungaji anaulizwa chai iko wapi, na yeye huyohuyo saa tatu anatakiwa awe amevaa joho, amesimama kwenye mstari wa sauti ya pili. Tunaandika kuwaomba wazee wa kanisa na walimu wa kwaya wapange jiko na nyimbo kwenye karatasi moja. Mengi yanayoharibika mbele ya madhabahu yalianzia jikoni.

Nyumba ya mchungaji kuwa bweni, mgahawa na chumba cha mazoezi si jambo jipya. Martin Luther alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, iliyokuwa nyumba ya watawa kule Wittenberg ilijaa watoto, wanafunzi na wageni. Katharina alifuga, alilima, alipika pombe na kulisha meza nzima. Baada ya chakula, Luther aliimba na wageni huku akipiga ala ya nyuzi ambayo ni ndugu wa udi wa taarabu. Hata nota za d r m (doh, ray, mi) tunazoandika ubaoni zina asili hiyohiyo. Sarah Glover, binti wa kasisi wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeanzisha njia ile, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaikuza na kuieneza. Tofauti ni kwamba Katharina alikuwa na mashamba na watumishi. Mama mchungaji wa leo ana jiko la mkaa na binti mmoja wa kumsaidia, kama yupo.

Tuanze na pilau, maana ndiyo inayoaibisha watu. Kwa waimbaji 40 wenye njaa ya safari, mchele kilo 6 unatosha. Anayepima kilo moja kwa watu kumi anapimia wageni waliokwisha kula kwao. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 5, vitunguu maji kilo moja na nusu, vitunguu saumu na tangawizi gramu 200 kila kimoja, mafuta lita moja, bizari nzima vijiko 6 vya chakula, pilipili manga vijiko 2, vijiti 6 vya mdalasini na punje 30 za iliki. Karafuu zisizidi 20. Zikizidi, pilau inanuka kama chumba cha daktari wa meno. Sufuria liwe la lita 35, kwa sababu mchele ule utaumuka mara tatu na bado mwiko unahitaji nafasi ya kugeukia.

Kosa la kwanza ni vitunguu. Ukimwaga kilo moja na nusu kwa mkupuo, vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaanga, na pilau inatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Hapo ndipo mtu anatumwa dukani kutafuta rangi. Vikaangwe kwa mafungu mawili au matatu, moto mkali, mpaka viwe rangi ya ngozi ya tende, ndipo kitunguu saumu na tangawizi viingie.

Kosa la pili ni maji. Nyumbani tumezoea kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, na mpishi anakipeleka kipimo hicho kwenye sufuria la shughuli. Anapata bokoboko. Maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka, hayaongezeki sawasawa na mchele. Kwa hiyo sufuria kubwa, kwa kulinganisha, hupoteza kidogo. Kilo 6 za mchele ni takriban lita 7 na nusu ukizipima kwa kopo. Supu na maji kwa pamoja visizidi lita 11, na kama mchele umelowekwa nusu saa, lita 10. Chumvi vijiko 7 vya chakula vya kufuta, kisha onja supu kabla ya mchele kuingia: lazima ikukere kidogo ulimi, kwani mchele utainywa ile chumvi. Maji yakifika usawa wa mchele, punguza moto chini, funika, palia makaa juu ya mfuniko, na uache dakika 25. Anayefunua kila baada ya dakika tano ili aonje ndiye anayesababisha juu kuwe na kiini na chini kuungue.

Halafu kuna ule ujanja wa kupika pilau Jumamosi usiku ili Jumapili iwe ni kupasha tu. Tafadhali, uachwe. Mchele una vimelea ambavyo mbegu zake huvumilia mchemko. Wali ukikaa vuguvugu ndani ya sufuria kubwa usiku kucha, mbegu zile huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwaya inatapika ndani ya basi na lawama inamwangukia mama mchungaji. Wali ukishaiva usikae nje zaidi ya saa mbili.

Sasa nani atapika wakati wa ibada? Kwa pilau, jibu letu ni kali: waimbaji wawili wa kwaya wenyeji wasiimbe ibada hiyo, waingie jikoni saa nne na nusu. Wasiwe walewale kila mara. Kwa maharage, hahitajiki mtu. Lipo kapu la kupikia, ambalo akina mama wengi wanalijua ila hulitumia kwa chakula kidogo tu. Chukua tenga au kapu kubwa, lijaze majani makavu ya mgomba au matambara mpaka kuta na chini ziwe na unene wa sentimita 10, na ushone mto wa kufunika juu. Maharage kilo 4 ya watu 40 yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, yachemke kwa nguvu nusu saa nzima na mfuniko uliobana, kisha sufuria liingie kapuni likiwa bado linatokota. Saa mbili asubuhi linaingia, saa sita linatoka limeiva. Ile nusu saa ya kuchemka isipunguzwe, maana maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayoumiza tumbo. Sufuria lijae angalau robo tatu, kwa kuwa lililo nusu hupoa haraka. Nyanya ziingie mwishoni, kwenye kuunga, kwa sababu uchachu wake hukaza ganda la maharage na hata kapu halitaliokoa. Yakitoka kapuni yachemke tena dakika kumi kabla ya kupakuliwa.

Kuhusu koo. Mwimbaji anatakiwa awe amekula, lakini awe amemaliza kula saa mbili kabla ya kuimba. Tumbo lililojaa linazuia kiwambo cha pumzi kushuka, na pumzi fupi ndiyo inayokata neno katikati. Kama ibada ni saa tatu, staftahi iwe saa moja: mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha kilo 8, na chai ya rangi lita 10 yenye majani gramu 60 na sukari nusu kilo. Maziwa yasubiri baada ya ibada. Si kwamba yanaongeza makohozi kama inavyosemwa, bali huacha utando mdomoni unaomfanya mtu ajikohoze, na kujikohoza ndiko kunakochubua sauti. Soda isitolewe kabisa kabla ya kuimba. Gesi yake haichagui mstari wa kutokea. Na yai bichi, ambalo kila kwaya ina mzee wa kulipendekeza, halifiki kwenye nyuzi za sauti hata kidogo: linakwenda tumboni, njia nyingine kabisa, na linaweza kuleta kuhara. Maji nayo hayalowanishi nyuzi za sauti moja kwa moja, yanazifikia kupitia damu. Kwa hiyo chupa inayonywewa mlangoni mwa kanisa imechelewa. Glasi mbili zinywewe tangu saa moja.

Mwalimu wa kwaya akisikia wimbo ulioanza Doh ni G (yaani ufunguo wa G) umemalizika nusu sauti chini, kwa kawaida anagombeza sauti ya tatu. Aangalie kwanza saa waliyokula na joto la chumba walichofanyia mazoezi. Sebule ya mchungaji yenye watu 40, madirisha yamefungwa ili majirani wasisumbuke, na moshi wa jikoni unapita chini ya mlango, itashusha kwaya yoyote. Baada ya hapo ndipo asikilize mi na ti, kwa sababu ndizo zinazoimbwa kwa uvivu. Kipimo ni rahisi: ubeti mmoja bila kinanda, kisha bonyeza Doh. Wakiwa wameshuka mara mbili mfululizo, usiendelee kuwapigia kelele, pandisha ufunguo hadi A bemoli. Kwaya nyingi zinazolegea kwenye G husimama imara nusu sauti juu yake.

Wimbo wa nyumbani, ule wa sala ya jioni ya familia, una taratibu zake. Wazazi hupenda kuanzia chini ili baba apate besi yake, na watoto wanabaki wakinong'ona. Sauti ya wimbo ikae kati ya C ya katikati na D ya oktava ya juu yake, na baba ndiye ajitafutie mahali pa kuingia. Wimbo mmoja kwa wiki unatosha: siku mbili nota bila maneno, siku mbili maneno, kisha sauti ya pili. Mwalimu wa mdundo mzuri kuliko wote yuko uani, na ni kinu. Watu wawili wakitwanga kwa kupokezana, wana mapigo mawili. Wakiwa watatu, wana mapigo matatu. Anayeangusha mchi kwenye pigo dogo anajifunza kitu ambacho ubaoni huchukua wiki: kungoja bila kukimbilia, kwani akiwahi, michi inagongana na mkono unauma. Mtoto aliyetwanga kisamvu namna hiyo haulizi tena kwa nini nota inayofuata nukta pacha (:) huimbwa nyepesi kuliko ile inayofuata mstari wa wima (|). Ishara za mkono za Curwen pia zinafaa jikoni, kwa kuwa hazihitaji kitabu: ngumi ni Doh, kiganja kilicholala ni Mi, kiganja kilichosimama kwa ubavu ni Soh. Mikono ikiwa na unga, unga haudhuru.

Jiko lina kazi moja zaidi kwa wanamuziki. Ngoma ya ngozi hulegea wakati wa masika kwa sababu ngozi hunywa unyevu, na joto huirudisha. Isogezwe umbali wa hatua moja kutoka kwenye makaa, igeuzwegeuzwe, ipigwe kila dakika mbili tatu mpaka mlio upande. Ikikaa karibu zaidi, ngozi hukauka upande mmoja na kupasuka kando ya vigingi. Kinanda cha umeme, kinyume chake, kisikae kamwe chumba kinachopakana na jiko bila mlango. Mvuke wa mafuta huganda chini ya vitufe, vumbi linanasa juu yake, na baada ya muda vitufe vingine havitoi sauti. Adapta pia zimeua vinanda vingi kwenye ziara. Kabla ya kuazimana, linganisha volti zilizoandikwa kwenye adapta na zile za nyuma ya kinanda, kisha angalia mchoro mdogo unaoonyesha kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Vikitofautiana, usichomeke.

Ombi letu kwa kamati za fedha ni dogo. Bajeti ya ziara huwa na nauli na sare. Iongezwe mstari wa chakula na mkaa, kwa vipimo vya hapo juu, na fedha zifike kwa mama mchungaji siku tatu kabla, si bahasha ya shukrani baada ya sadaka. Kwaya inayokuja itume wiki moja kabla idadi yake kamili, saa ya kufika, na wangapi wana kisukari au vidonda vya tumbo. Sufuria la lita 35 na kapu la kupikia viwe mali ya usharika, viandikwe kwenye daftari la mali mstari mmoja chini ya kinanda, na anayeliazima sufuria kwa ajili ya harusi alirudishe limesuguliwa ukoko.

Wasomaji wenu,
Mwalimu wa kwaya na mpishi,
Moshi.